Waliotumwa Maji Siku ya Mkaguzi

Area C,
Dodoma.
12 Oktoba 1997

Mpendwa dada Evelina,

Shikamoo. Na ile ya Kigogo chetu pia, mbukwenyi, maana huko Tukuyu najua hakuna wa kukuamkia hivyo. Hujambo na goti lako? Shemeji Ambokile bado anakohoa asubuhi, au ameachana na ule ugoro? Nasikia mvua ya kwenu haina adabu, inaingia bila hodi na haiagi. Sisi huku tunachungulia mawingu tangu Mei. Mkiwa nayo ya ziada, fungeni kwenye gunia mtutumie.

Sisi wazima. Mama mdogo Debora ametolewa mtoto wa jicho pale hospitali ya Mvumi na sasa anaona vizuri, jambo ambalo limeniletea hasara. Juzi alinitazama muda mrefu akasema, "Kumbe umezeeka hivi, Fabian. Nilikuwa nakukumbuka tu." Nina kitambi cha mtu mwenye cheo na mshahara wa mtu asiye nacho, na upara umefika mahali ambapo sijui tena uso unaishia wapi nikiunawa.

Sasa weka chini ulichoshika. Nimempata Mwalimu Bartolomayo.

Najua barua hii utamsomea shemeji kwa sauti, na yeye mambo haya hayajui, kwa hiyo nivumilie niyaeleze upya.

Shemeji, mwaka 1962 mimi na mkeo huyu tulikuwa darasa la nne, kule kwetu nyuma ya Haneti. Mimi nilikuwa na miaka kumi, yeye kumi na miwili. Sisi tulioanza kwa kunywesha ng'ombe ndipo tuje shule, Mwalimu Bartolomayo alitukalisha kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango, akaliita benchi la ng'ombe. Alisema tunanuka. Tulikuwa tunanuka kweli, siwezi kumsingizia. Lakini benchi hilo hilo ndilo alilokalia msichana aliyejua hesabu kuliko darasa zima, na pengine kuliko yeye mwenyewe.

Siku moja akaja mkaguzi, mama wa Kizungu, kuchagua wasichana wawili wa kwenda shule ya bweni. Kabla gari lake halijafika, Mwalimu alisimama mlangoni akatuambia sisi tisa, "Chukueni vibuyu, mtoni. Na msirudi mpaka niwaite." Mto wenyewe unaujua, dada, mchanga mtupu. Tukachimba kwa mikono. Maji yalipokuwa yanajikusanya polepole shimoni, wewe ukasawazisha mchanga kwa kiganja ukatuandikia hesabu, ukatusimamia na fimbo, ukatukemea kwa sauti ya Mwalimu mpaka tukacheka.

Iddy, wa benchi la mbele, ndiye aliyekuja mchana kutuhadithia. Yule mama aliuliza, "Wapo wote?" Mwalimu akajibu, "Wote, Mama." Kisha yule mama akaandika ubaoni hesabu ambayo hakuna aliyeiweza: bomba moja linajaza tangi kwa saa tatu, jingine kwa saa sita, yakifunguliwa yote mawili, tangi litajaa kwa muda gani? Iddy hajafunga mdomo, wewe ukasema, "Saa mbili," ukaendelea kuchota. Wasichana wawili wa benchi la mbele walikuwa wameshaandikwa majina na gari limeshaondoka.

Mwaka uliofuata hukuwa shuleni, maana wasichana walikuwa na nafasi zile mbili tu. Mimi nilikuwa na nafasi nyingine kwa kuwa wavulana walichukuliwa wengi. Nimesoma kwa nafasi hizo nyingi, dada, na kila cheti nilichopewa nilikiona kina jina lako limefutwa chini yake.

Watu wakiniuliza kwenye sherehe kwa nini nilikwenda ualimu, huwa nasema ni wito. Wito gani. Nilikwenda kwa hasira, na hasira imenitunza vizuri kuliko pensheni itakavyonitunza. Nilipopangiwa Haneti sikutaka liwepo benchi la nyuma, nikawakalisha watoto duara, hata mwalimu mkuu akaja mlangoni kuuliza kama nafundisha au tunaota moto. Na nilipoingia ukaguzi nilikuwa na mtindo mmoja tu: nahesabu vichwa, nalinganisha na daftari la mahudhurio, kisha naenda mahali maji yanapochotwa. Bi Salma, mkaguzi mwenzangu wa Kondoa, ana ulimi mkali. Ananiuliza, "Mzee Fabian, unakagua shule au unatafuta choo?" Mwaka jana pekee nimewapata watoto waliofichwa kwenye shule nne.

Sasa huku kwetu mambo yamefunguliwa, kila mwenye ua na ubao anaanzisha shule ya Kiingereza, maana watu wa wizara na wa Bunge wanataka watoto wao waseme "gudi moningi" kabla hawajajua kujifuta kamasi. Mwalimu Bartolomayo amestaafu, naye amejenga yake njia ya kwenda Chimwaga. Ameiita Chemchemi, na maji wanafuata korongoni. Kiwanja alipewa na wenyeji kwa makubaliano kwamba watoto wao kumi na mmoja watasoma bure. Mwaka huu ameomba usajili kamili, na mwezi Agosti jalada likaangukia mezani kwangu.

Nilifunga mlango wa ofisi nikacheka peke yangu. Ilinibidi nimweleze mkuu wangu kwamba namfahamu mtu huyu, aliwahi kunifundisha. Akasema, "Vizuri, basi utamwelewa." Nikasema, "Nitamwelewa sana."

Nilijiwekea sharti moja. Sitaandika neno la uongo, hata moja, kwa sababu nikidanganya nitakuwa nimejifunza kwake. Kama amebadilika, nitampa usajili wake na nitazikwa na kinyongo changu. Kama hajabadilika, ni wangu. Nikuambie kweli, dada, usiku na mchana niliomba awe hajabadilika. Usimwambie mchungaji wako.

Tulikwenda Jumanne. Niliagiza wazazi na kamati ya shule wawepo, kwa barua yenye mhuri. Hakunitambua. Nani amtambue mtoto wa benchi la ng'ombe ndani ya kitambi hiki? Alinikalisha kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma, akaniita "Bwana Mkaguzi" kila baada ya maneno matatu, na mkono aliokuwa akitupigia nao ukanimiminia soda.

Darasa la nne lilikuwa limevaa soksi nyeupe. Daftari lilisema thelathini na wanane. Nikahesabu vichwa, ishirini na saba. Nikamgeukia, na maneno nilikuwa nayo tayari kwa miaka thelathini na mitano.

"Wapo wote?"

"Wote, Bwana Mkaguzi. Isipokuwa kumi na mmoja hivi, wana malaria."

Bi Salma akaninong'oneza, "Kumi na mmoja kwa mpigo, na mbu mwenyewe kaihama Dodoma kwa ukame."

Nikaomba ruhusa ninyooshe miguu. Nikateremka korongoni na viatu vya ofisi, na moyo ulikuwa unanipiga kuliko siku niliyooa. Walikuwepo, dada. Kumi na mmoja, na ndoo za plastiki, mikono imezama mchangani mpaka kwenye viwiko. Waliniamkia kwa pamoja na hakuna aliyekuwa na homa. Nikavua viatu nikakaa nao.

"Nani kawatuma?"

"Mwalimu Mkuu."

"Mtarudi saa ngapi?"

"Mpaka atuite," akasema binti mmoja, Sikudhani. "Wakija wageni huwa hivyo."

Maneno yale yale. Hata hakujisumbua kutafuta mapya. Nikasawazisha mchanga kwa kiganja nikawaandikia hesabu ya mabomba mawili. Ningependa nikuambie kuna aliyeipata, ila hakuna. Walikosa wote, na kosa si lao. Sikudhani aliitazama muda mrefu kisha akaniuliza, "Baba, hayo mabomba yanatoa maji kweli, au ni ya hesabu tu?"

Niliwapandisha wote na ndoo zao kichwani, nikawaingiza darasani mbele ya wazazi, wakiwa wanadondosha maji kwenye sakafu iliyopigwa deki kwa ajili yangu. Baba mmoja wa kamati, aliyetoa shamba lake, alisimama alipomwona mwanawe, akakaa tena. Nikachukua daftari la mahudhurio nikampa Mwalimu Bartolomayo mkononi.

"Tuitie majina, Mwalimu."

Akaita. Thelathini na wanane, na kila mmoja akaitika. Sauti yake ilikuwa inapungua kadiri orodha inavyoshuka.

"Wameisha, Bwana Mkaguzi."

"Bado mmoja. Evelina Ndahani."

Alipitisha kidole kwenye daftari toka juu mpaka chini. Akatazama darasa. Kisha akanitazama mimi juu ya miwani, taratibu, akapita kitambi, akapita upara, akaniona.

"Fabian," akasema.

"Naam, Mwalimu. Evelina Ndahani."

"Hayupo."

"Yuko wapi?"

Bi Salma, ambaye hajui kisa hiki hata kidogo, alikuwa ameacha kuandika. Mwalimu akafunga daftari, akalishika kwa mikono miwili.

"Nilimtuma maji."

Ripoti nimeipeleka juzi, kurasa nne, na hakuna uongo ndani yake. Nimependekeza usajili usitolewe. Watoto wanaendelea kwa kibali cha muda. Wale kumi na mmoja wafundishwe mwaka mzima bila kutumwa, kisha tutarudi kuwapima wao kwanza, na yeye asiwe mwalimu mkuu tena wa shule hiyo. Jina la shule alilijenga kwa miaka mitano. Limebomoka kabla soda yangu haijaisha gesi, na nikaimaliza soda.

Mama Debora aliponisikiliza alisema nimekuwa mkatili kwa mzee wa watu. Nikamuuliza kama nimpelekee pole. Alifikiri, akasema hapana, hebu rudia pale alipoinua macho. Nimerudia mara tatu sasa. Huruma nimeitafuta, dada, kwa uaminifu kabisa. Nikiiona nitakuandikia.

Jambo moja nalo ni la kukutania, na si utani. Kila barua unaniambia wewe si msomi, unawafundisha tu kina mama kusoma pale kanisani Jumatano. Na mimi nina vyeti ukutani. Ualimu niliujua kabla ya chuo, shimoni, siku ile, kwa fimbo yako. Mwenye chuo ni wewe.

Tulipokuwa tunaondoka, Mwalimu alinifuata mpaka mlangoni mwa gari. Alitembea vibaya, nadhani ni nyonga. Akaniuliza Evelina yuko wapi siku hizi, angependa kumwandikia.

Nikamwambia, "Hajarudi, Mwalimu. Ulisema tusirudi mpaka utuite."

Anwani yako sikumpa. Nikamwacha amesimama pale na daftari lake. Ukitaka aipate, niandikie neno moja nami nitaipeleka mwenyewe. Usipotaka, basi na aite.

Msalimie shemeji Ambokile, mwambie ugoro utamwua kabla majirani waliochoka kikohozi chake hawajamwua. Wasalimie wanao, hasa yule wa mwisho anayechukia hesabu; mwambie mjomba anakuja Desemba na fimbo ya mama yake. Mama Debora anakuombea goti lako kila jioni kwa jina, goti la kushoto, ili Mungu asikosee. Akujalie afya, na maji yawe karibu na mlango wako siku zote.

Mdogo wako akupendaye, wa benchi la ng'ombe,

Fabian