Baba Anatembea kwa Tano

Jumatatu, 2 Juni

Jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: ninahesabu mapigo ya hatua za watu. Hata leo, kwenye foleni ya uji. Mpishi ana mbili, mbili, kama askari. Candiru, jirani yangu wa kitanda, anaburuta kandambili kwa tatu. Matroni ni nne nzito. Nikizisikia nafunga daftari.

Baba ni tano. Hakuna mwingine. Nimesikiliza mji wote wa Arua, sokoni, stendi, njia ya Mvara. Sijapata wa pili.

Naandika Kiswahili cha darasani. Bwenini kila mtu anakisema, hakuna anayetaka kukisoma. Usalama wangu huo.

Alhamisi, 5 Juni

Mwalimu Anguzu ameleta wimbo wa mashindano. Katunga mwenyewe. Aliandika ubaoni tano juu ya nane, yaani mapigo matano kila kipimo, akasimama pembeni kama mtu aliyeleta mbuzi wa mahari na anangoja asifiwe.

Akatuuliza mmoja mmoja: mapigo gani unayapenda, yapi huyataki. Afeku, mpiga ngoma, anapenda sita, kwa sababu sita ikilia kanisani hata bibi mwenye mgongo anasimama. Candiru anapenda tatu. Anasema tatu inambembeleza. Msichana wa kinanda anapenda nne, kwa sababu kinanda chake kina nne ndani tayari, anabonyeza tu. Na wasiyoitaka? Wote waliangalia ubao.

Afeku akasema, "Mwalimu, hii tano iko kama mutu nachechemea."

Wakacheka mpaka nyuma. Nami nilicheka kidogo, ili nisionekane. Nilimchukia Afeku. Halafu nikatambua kwamba amesema kweli tupu.

Zamu yangu ilipofika nikasema nne. Uongo.

Jumatano, 11 Juni

Wimbo haukai. Kila mstari watu wanaongeza pigo la sita. Wanapumzika pale, kama mwili hauamini kwamba tano zimetosha. Mwalimu anapiga meza kwa rula. Amesema Jumamosi tukishindwa tunarudi kwenye wimbo wa mwaka jana, wa nne. Alisema taratibu, anakunja karatasi yake. Nilimhurumia sana.

Mimi sitelezi. Wimbo huu nimeujua kabla haujatungwa.

Baba ni wakala wa forodha kule mpakani Oraba. Lori lilimwangukia mguu wa kushoto kabla sijazaliwa. Ni mtoto wa kambi. Babu alikuwa mwanajeshi na alimfundisha kwata kabla ya kusoma. Sasa anafungua ofisi alfajiri, malori hayajaamka, ili wateja wamkute ameketi. Hakuna anayemwona akitembea. Nyumbani Koboko haji mlangoni kwa mtu. Anaita kutoka kwenye kiti, wewe unaenda. Mguu hautajwi.

Lakini nilipokuwa mdogo nilimshika mkono kwenda dukani, sisi wawili tu. Mguu mbovu ukigusa chini hautaki kukaa: mbili. Mzima unaupokea na kukaa: tatu. Nilijifunza mwendo wake kabla ya wangu. Mama aliwahi kunichapa. Alidhani namwigiza Baba ili kumcheka.

Jumamosi, 14 Juni

Nimefanya.

Jaribio la mwisho lilivunjika mstari wa pili. Mwalimu akaanza kufuta ubao. Mimi, ambaye mezani siombi chumvi, nikatoka mbele. Nilitembea tu. Kushoto mbili, kulia tatu, nikiimba.

Walicheka. Kisha Candiru akaingia nyuma yangu. Kisha safu nzima. Afeku akachukua ngoma.

Sijui niandikeje. Kuna dakika miguu yote ilianguka pamoja, na ile tano waliyoichukia ikaanza kutubeba yenyewe, kama mto. Hakuna aliyehesabu. Nywele zangu zilisimama. Nilisikia njia ya dukani, mkono wa Baba, ila kubwa, ya watu thelathini. Mwalimu alivua miwani na hakuivaa tena.

Mwisho wa mistari bado tunateleza kwenye sita. Ila wimbo umebaki.

Candiru: "Wewe najifunza wapi hii kitu?"

Nikasema sijui.

Nimeuza mguu wa baba yangu.

Jumamosi, 21 Juni

Siku ya wazazi. Nilijua Baba hufika mapema na kuketi kwenye benchi kabla sijaitwa. Nilijua, na bado sikufikiri.

Tulikuwa uwanjani, thelathini, tunachechemea kwa pamoja. Yeye alikuwa katikati ya njia ya kutoka getini. Amesimama na fimbo yake ya kutembelea. Hana pa kuketi.

Afeku alimwona kwanza. Akatazama fimbo, akatazama miguu yake mwenyewe. Ngoma ikafa. Wengine wakageuka. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Nilitaka ardhi inimeze. Baba alinitazama. Kisha akatembea. Uwanja wote, mbele ya watu wote, bila haraka. Mbili, tatu. Mbili, tatu. Sijawahi kumwona akivuka mahali penye watu. Katika kimya kile kila hatua ilisikika. Niliogopa, na bado nikawaza: ni nzuri. Mungu anisamehe, niliwaza hivyo.

"Nani nafundisha hawa?"

Mwalimu akaanza kuomba radhi. Baba akainua fimbo.

"Hapana. Mimi nauliza kwa sababu hawa iko nakosea. Nyinyi nakaa sana juu ya mguu mubovu. Huo mguu nauma. Gusa, toka. Ule muzima ndiyo nakaa."

Akaonyesha. Halafu Afeku, yuleyule: "Mzee, onyesha tena."

"Wewe wa ngoma, fuata mimi. Hapana pita mimi. Mimi iko mkubwa yako."

Hapo ndipo walicheka, na Baba naye. Akazunguka uwanja, ngoma nyuma yake, sisi nyuma ya ngoma. Lile pigo la sita lilipotea. Lilikuwa ni sisi kukaa juu ya maumivu ambayo hatuna.

Baadaye kwenye benchi tulikula chapati za Mama. Baba aliangalia kiatu chake.

"Mimi pale getini nafikiri wewe nacheka mimi."

Nilitikisa kichwa. Nilitaka kumwambia ni mapigo ninayoyapenda kuliko yote. Akanimegea chapati yake.

Jumapili, 22 Juni

Hakuna aliyeniuliza chochote. Afeku alinikuta bombani, akanibebea ndoo. Simchukii tena.

Ijumaa, 11 Julai

Mashindano. Wa pili. Shule iliyoshinda iliimba nne, safi kama sare mpya. Sijali. Mistari yetu yote ilitua. Jaji mmoja alikuwa anatikisa goti chini ya meza, na goti lilikuwa linakosea.

Baba hakuja. Malori mengi, alisema. Sijui kama ni kweli.

Jumapili, 24 Agosti

Koboko. Likizo. Mvua imekatika, mabati bado yanadondosha maji.

Mama ameniambia, huku akichambua mboga, kama habari ya kawaida: wiki hii Baba amefika ofisini mara mbili malori yameshajaa. Amevuka katikati yao. Amesema barabara iliharibika. Mama hakuniangalia. Nami sikumwangalia.

Chumba changu ni cha mwisho. Nimelala kifudifudi, naandika. Kiti cha sebuleni kimelia. Sasa ataita.

Hajaita.

Gusa, toka. Kaa. Gusa, toka. Kaa. Fimbo hakuna, ameiacha. Hatua zimepita jikoni. Zimepita mlango wa Mama. Anakuja huku, mwenyewe, mpaka mlangoni kwangu. Naficha daftari chini ya godo—