Magauni Mawili ya Kitambaa Kimoja

Tunduma,
baada ya kuvuna maharage

Mama yangu mzazi,

Shikamoo. Ipokee kama vile nimepiga goti hapo jikoni kwako. Kifua chako kinaendeleaje? Kile kikohozi cha baridi ya Ibaba kimekuachia, au bado unajifanya mzima ili usinyweshwe dawa? Mimi mwili wangu mzima. Nakula, nalala, nateka maji. Tusekile, wewe unayemsomea mama, soma yote mdogo wangu, usiruke neno hata sauti ikikukataa.

Mama, mkweo alirudi kutoka ng'ambo ya mpaka alikopeleka maharage, akaja na kitambaa. Cha buluu, kina maua meupe madogo. Akaniambia nikipeleke kwa fundi nishonewe gauni la kuvaa siku ya shukrani ya mavuno. Alisema huku anavua viatu, hakunitazama, lakini akichoka ndivyo alivyo. Nilifurahi, sikufichi. Tangu tufunge ndoa hajawahi kuninunulia nguo bila kuombwa. Nilikitandaza kitandani, kikapita kitanda, kikashuka mpaka karibu na mlango. Mimi si fundi, ila macho ninayo. Lile halikuwa gauni la mtu mmoja, hata ningenenepa kama ng'ombe wa baba. Nikasema moyoni, leo amemkumbuka mama. Unajua jinsi nilivyokuwa naona aibu kwamba hajakuletea hata kanga.

Fundi wetu ni mke wa mzee wa kanisa, Mnamwanga, mama mtu mzima aliyefundishwa kushona misheni. Cherehani yake ya mkono iko barazani, na futi haimtoki shingoni. Alinipima bega, kifua, kiuno, pini zimemjaa mdomoni, kwa hiyo msemaji nilikuwa mimi. Nilimweleza la pili ni la mama yangu, kichwa chake kinanifika sikioni, ila mabega yake ni mapana kuliko yangu kwa ajili ya kubeba kuni, na asimbane kwapani maana analima. Nikawa namwonyesha kwa mikono. Yule mama akazitoa zile pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa cha mkononi mwake.

"Mwanangu, mumeo ulimwuliza?"

"Nimwulize nini? Mtu anataka kumfurahisha mkwewe, mimi nimharibie?"

"Hilo la pili nimekwisha kulipima."

"Mama yangu umempimia wapi, naye yuko Ileje?"

"Si mama yako. Mumeo alikuja naye mwenyewe, wakati wewe umekwenda shamba. Alisema wewe unajua. Alisema magauni yote yatoke kwenye kitambaa kimoja, pasiwe na la kusemwa."

Mama, maana yake unaijua, kwetu na kwao ni moja. Mwanamume mwenye wake wawili huwavika nguo moja, ili asiwepo wa kusema mwenzangu anapendwa. Nimeyaona hayo tangu utoto, na nilipokitandaza kile kitambaa hayakunijia hata kidogo, kwa kuwa sisi tulifunga ndoa mbele ya mchungaji. Fundi akaniuliza kama aache kushona. Nikamwambia amalize kupima, umebaki mkono. Nikaunyanyua mkono wangu, akapima.

Jioni nilimwuliza mkweo akiwa anakula. Hakukana. Alisema, "Nimekukosea nini? Nimewavika sawasawa. Wako wanaume wanamvika mdogo, mkubwa wanamwacha na matambara." Nikamwuliza, na kanisani je? Akasema kanisa atazungumza nalo. Basi nikaondoa vyombo. Nilikaa nikisubiri hasira ije, haikuja. Machozi nayo hayakuja. Moyo umekufa ganzi mama, kama mguu uliokaliwa vibaya. Naubonyeza, sisikii kitu.

Siku ya shukrani alitaka tukae benchi moja, watu wazoee. Tukaenda. Huyo mwenzangu ni binti wa ng'ambo, mdogo kuliko Tusekile, na njia nzima alitembea nyuma yangu kwa adabu. Kabla hatujaingia niliona pini imesahaulika begani kwake, nadhani alilichukua gauni kwa haraka. Nikamsimamisha nikaichomoa isije ikamchoma. Akanishukuru kwa Kibemba, "Natotela, mayo," akapiga goti. Alikuwa ananiita mama. Nilipokuwa namnyoosha mshono nikaona fundi ameacha kitambaa kingi ndani, huku kiunoni, ili gauni liweze kupanuliwa tumbo likikua. Langu halikuachiwa kitu.

Ndani ya kanisa hakuna aliyeuliza. Akina mama walitutazama, kisha wakatazama vitabu vyao vya nyimbo. Mmoja tu alisema tumependeza, nami nikamjibu asante.

Sijagombana na mtu. Binti yule hajanikosea, hata kama moyo ungekuwa unasikia nisingemchukia. Ila kukaa siwezi. Nimemwambia mkweo naja kwetu, akadhani naja kutembea, akasema nikusalimie. Nikamwambia nitakusalimia. Wako watu wa Ikinga, jirani zetu wa huko, waliokuja kununua chumvi, nitafuatana nao watakaporudi, na barua hii inatangulia na mmoja wao anayeondoka leo. Nguo nitakazobeba ni zile nilizokuja nazo nikiwa bibi harusi.

Baba msalimie, lakini habari hii usimwambie kabla sijafika, maana ataita kikao na watu watajaa nyumbani. Wakae baadaye, niko tayari kuulizwa. Shangazi aliyenifunga kitambaa cha kichwa siku ya harusi msalimie pia, na umwambie hakukosea kunifundisha unyumba. Tusekile, asante kwa kusoma. Futa uso kabla hujatoka nje.

Na wewe mama, nikifika usinililie. Ukilia itabidi nikubembeleze, na nguvu hiyo sina. Nipe jembe tu, unionyeshe mlipofikia kulima kule bondeni, nianzie hapo.

Ni mimi mwanao wa kwanza,
Atupele