Mama alinusa pamba

Bariadi, Jumapili jioni

Kumbe kosa lilikuwa langu, na wiki nzima nimekuwa nikimlaumu muuza duka kwamba kaniuzia maji ya vepu, ile sigara ya umeme, yaliyoharibika.

Kila siku nilikuwa naongeza wati za vepu, nikidhani moto mkubwa utaleta ladha kali zaidi. Nikafika arobaini. Ladha ya embe ikapotea kabisa, ikabaki ya kuungua, inakwaruza koo. Jana nilikaribia kurudia sigara, baada ya miezi mitano.

Leo Mama kaja kutoka Sapiwi. Nilitoka nje nikavuta kidogo karibu na dirisha. Mama akainuka mbio hadi chumba cha ndani, tulikoweka pamba tukisubiri soko lifunguliwe, akaanza kupapasa magunia moja moja.

"Pamba inaungua humu," akasema.

Ilikuwa inaungua mkononi mwangu. Ndani ya koili, kile kiwaya kinachochemsha maji ya vepu, kuna utambi wa pamba, na mimi niliyekulia shambani sikuitambua harufu yake.

Nimeweka koili mpya, nikaiacha ilowe kwanza, nikashusha hadi wati kumi na tano. Embe limerudi, laini, tamu. Nimecheka peke yangu kama mjinga.

Wasiwasi bado upo, maana nikotini ni ileile na hii nayo itabidi niiache. Lakini leo sigara sijaitamani hata kidogo.

Nilimweleza Mama yote.

"Pamba imejaa ndani," akasema, "na wewe unakwenda kununua nyingine dukani ili uichome."