Malori Chini ya Dirisha

Jumatatu, 2 Julai 1956

Baridi ya Meru imeingia mifupani. Hata jua halijatoka, malori yananguruma chini ya dirisha letu. Madereva hawazimi injini – eti ikipoa haiwaki tena mpaka abiria washuke kusukuma. Moshi unatua hadi kwenye uji.

Mjukuu wangu Arafa, wa binti yetu Zaina, anakohoa mpaka anakunjika, kisha anavuta pumzi kwa mlio kama jogoo mchanga. Hospitali wamesema kifaduro. Hakina dawa ya haraka. Tumwepushe na moshi. Tumpeleke wapi? Malori ndiyo yaondoke!

Jumatano, 4 Julai

Nimemwona mzungu mtawala wa mji. Moshi, kasema, ni dalili ya maendeleo. Hata London upo. Nikamwambia wa London uliua maelfu miaka minne iliyopita, nimesoma katika magazeti yao wenyewe. Kasema ule ulikuwa wa makaa ya mawe. Kumbe moshi na moshi wanajua kuutofautisha! Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, kama bado natafuta kazi tangu nifukuzwe ualimu.

Jumapili, 8 Julai

Nimewaacha wakubwa, nimewaendea madereva. Walikuwa wanakunywa uji kwa Ndeshi, yule mama wa Machame. Wakanicheka: Mwalimu kapigana na Serikali, na misheni, na msikiti, sasa kabakiwa na bomba la lori. Nikavua kofia yangu nyeupe, nikaishindilia kwenye bomba la lori la Omary, mkubwa wao. Ikatoka nyeusi tii.

“Hiki ndicho kifua cha mjukuu wangu,” nikasema.

Hakuna aliyecheka tena. Omary mwenyewe ndiye aliyetoa shauri: wahamie mteremkoni, kule mto Themi. Lori likiachiwa breki linashuka, linawaka lenyewe. Hakuna haja ya kunguruma tangu alfajiri. Shauri jema kuliko yote niliyowahi kuandika gazetini.

Jumanne, 10 Julai

Kimya! Malori yamehamia mteremkoni. Nimesikia ndege wakilia. Siwema, mke wangu, hanisemeshi. Sijui nimemkosea nini.

Alhamisi, 12 Julai

Arafa amezidiwa. Akikohoa midomo inageuka rangi. Hewa ni safi – kwa nini? Blanketi lake linanuka dizeli. Siwema kasema harufu ya zamani haitoki upesi. Nikaamini. Mjinga mwenye vitabu!

Ijumaa, 13 Julai

Nimeamka, kitanda cha mtoto kitupu. Nikaenda mbio hadi mteremkoni. Wanawake wamejipanga nyuma ya lori la Omary, watoto migongoni, nyuso zimeelekezwa kwenye bomba. Siwema yumo. Injini inawaka, lori halina abiria. Ndeshi ndiye aliyewafundisha: moshi wa lori hukata kifaduro, wanawe watatu kiliwatoka hapo hapo. Na Omary, kwa huruma yake, anawawashia kila alfajiri.

Nilipaza sauti mpaka ikakauka. Walinisikiliza kwa adabu zote.

“Dawa yako ipi, Mwalimu?” Ndeshi akauliza. “Tupe, tuondoke.”

Sina. Nina kofia nyeusi tu.

Siwema hakuinua macho. “Baba Zaina, malori yalipokuwa dirishani, dawa ilimfikia kitandani. Wewe ndiye uliyeiondoa.”

Nikamchukua mtoto, nikarudi peke yangu.

Jumamosi, 14 Julai

Arafa yuko mapajani mwangu, mwepesi kama kanga iliyoanikwa. Tangu asubuhi hajanywa hata maji. Kila kikohozi nadhani ni cha mwisho. Siwema alitoka bila kuaga.

Sasa nasikia lori linapanda kutoka mtoni. Moja tu, polepole. Limesimama chini yetu. Injini haikuzimwa. Sauti ya Omary, ya chini, kama mtu aliyekuja kuhani msiba: “Mama Zaina, mfungulieni mtoto dirisha.”

Siwema ameingia. Ameshika komeo la dirisha. Ananitazama. Arafa ameanza tena kukohoa, na mimi kalamu iko mkono mmoja, mtoto mkono mwingine –