Cheche Ndani ya Chupa Isiyo na Hewa

Chaani, Jumanne, Machi 1961. Baada ya magharibi.

Kumbe si hewa. Asubuhi tulipopandisha umeme, cheche iliruka mapema mno baina ya yale matufe mawili ya shaba ndani ya chupa tuliyoitoa hewa. Nikamvuta mwalimu kando, nikamwambia Kazungu, mwenzangu wa karakana, hakuubana mpira wa pampu, hewa ikaingia. Akaniamini, akamtoa kwenye mtambo.

Alasiri mwalimu akaifungua chupa, akanipa lenzi. "Tazama matufe yako, Salim." Yamejaa mikwaruzo, kingo zimesimama kama miba ya samaki. Akanieleza kwamba pasipo hewa, umeme hukazana kwenye ncha kama hizo, ncha hupata moto hata shaba ikawa mvuke, na cheche hupita kwenye mvuke huo. Shaba yenyewe ndiyo inayojitengenezea njia.

"Umeyasugua kwa kitu gani?"

Kwa jivu na makumbi ya nazi, kama mamangu anavyosugua masinia ya Idi. Yaling'aa, nami nikajiona fundi!

"Kwa Kazungu utakwenda wewe," akasema. "Si mimi."

Nikaenda. Nilimkuta kibarazani kwake, ule mpira wa pampu umo ndani ya bakuli la maji ya sabuni, anausafisha kwa kidole.

"Karibu, bwana. Nadhani kosa ni langu kweli. Hebu nitazamie, huenda umepasuka."

Nikauinua kwenye mwanga, nikauzungusha wote, nikamwambia ni mzima.

Kutwa nzima ya leo, hilo ndilo neno la pekee la kweli nililosema juu ya Kazungu na mpira wake. Kisha nikaaga, matufe sikuyataja.