Nondo Waliomfuata Shangazi

4 Oktoba

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia. Mimi sijambo, nipo na kazi yangu ya kuhesabu nondo, wale vipepeo wa usiku wanaoleta viwavi, kwenye mashamba ya watu.

Baba kaniandikia kwamba viwavi wakiyatoboa matufaha tena mwaka huu, anaikata miti yote apande nyasi za ng'ombe. Nimelia. Ndiyo maana nakutumia mitego hii ya gundi, pamoja na vidonge vya mpira vyenye harufu ya nondo jike. Dume akiinusa huja mbio, akanasa. Tundika mitego mitini, na wakianza kunasa uniandikie hapo hapo, nikupe siku ya kupiga dawa. Kiwavi akishaingia ndani ya tunda, dawa haimfikii tena.

Mwanao

26 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Goti linasumbua, ila mdomo u mzima. Mitego nimeitundika na bado mitupu. Baba yako anadai nondo wamehama.

Sasa sikia aibu yangu. Vile vidonge niliona ni vizuri mno kuachwa mvuani, nikavihifadhi kwenye mfuko wa koti langu la kutokea. Jumamosi nimelivaa harusini, hapo kwa jirani nyuma ya shamba letu. Jua lilipozama, vipepeo wa kijivu wakanizunguka mimi tu, bibi harusi hana hata mmoja. Baba yako akaniuliza mbele ya watu nimejipaka nini. Nimejinusa mpaka nimechoka, sisikii kitu. Huu ni ugonjwa?

Shangazi yako

30 Oktoba

Shangazi,

Shikamoo. Nimecheka mpaka wenzangu wamekuja kuniangalia. Wewe si mgonjwa. Hao ni madume, walikuwa wakimtafuta jike mfukoni mwako. Mitego ni mitupu kwa sababu haina kidonge.

Lakini koti lako limetuokoa, maana sasa najua wameanza kuruka. Nimepiga hesabu kwa joto la huko: pigeni dawa Jumatano ijayo asubuhi, mayai yakianza kuanguliwa. Vidonge viingie mitegoni leo. Mwambie baba asichelewe, tafadhali.

Mwanao

11 Februari

Mwanangu,

Marahaba, mara mbili. Sote wazima. Usinilaumu kwa kimya, mikono ilikuwa vikapuni.

Jumatano ile baba yako alibeba pampu mgongoni, akinung'unika kwamba anapangiwa kazi na koti la dada yake. Jana tumemaliza kuchuma. Tufaha la kwanza alilipasua kwa kisu kama anayetafuta kosa, likawa safi hadi kwenye mbegu. Akapasua jingine, na jingine, kisha akaweka kisu chini akaanza kula. Habari ya kukata miti hakuigusa, nami sikumuuliza, namjua.

Leo kaamkia jembe. Nikajua nyasi zake za ng'ombe zinakuja. Nilipompelekea maji nikamkuta anachimba mashimo ya miche mipya ya matufaha. Akaniambia, "Dada, usimwandikie. Nataka aje aone mwenyewe."

Kwa hiyo sijakuandikia. Njoo.

Shangazi yako