Zamu ya Machela

Dar es Salaam, 7 Machi 1999

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila nimechoka. Mama anaendeleaje na kifua? Migomba imepata mvua?

Kazi ndiyo iliyonichelewesha kuandika. Kampuni ya malori inataka ukurasa wa intaneti wenye orodha ya magari yanayosubiri kupakia. Mtu alishike gari la chini kwa kipanya, alivute, aliachie juu, na mengine yasogee yenyewe. Kuvuta kunakubali. Nikiachia tu, linarudi lilikotoka. Bosi ameniahidi likizo siku litakapokaa.

Mwanao,
Kemirembe

Kihanga, 28 Machi 1999

Mwanangu Kemirembe,

Marahaba. Mvua ipo, migomba inapendeza. Mama yako kifua kinambana, hata jembe ameliacha. Nilipomsomea barua yako alicheka, akauliza mnashindwaje kufuta mkaandika upya.

Nina jambo. Kikundi chetu cha machela, cha kubeba wagonjwa, kimeweka utaratibu mpya. Nyumba isiyotoa mtu wa kubeba inashushwa mwisho wa orodha, na siku wakizidiwa wagonjwa wawili, wa nyumba ya juu anatangulia kupelekwa hospitali. Tangu kaka yako Anastazi atutoke nimebeba mimi, lakini sasa wanasema nimezeeka. Tuko mwisho. Wamekubali kwamba ukija ukashika zamu moja, hata ya kubeba maji na mizigo, tutapandishwa. Omba ruhusa, mwanangu. Naogopa.

Baba yako,
Rwezaura

Dar es Salaam, 25 Aprili 1999

Baba,

Shikamoo, na poleni sana. Nimeomba ruhusa, bosi kasema nimalize kwanza. Gari sasa linakaa ninapoliacha, lakini kwenye programu moja tu ya kufungulia intaneti; kwenye nyingine linagoma. Na ukurasa ukifunguliwa upya, orodha inarudi ya zamani. Nasinzia mezani. Ningeacha kazi, ila dawa za mama zitatoka wapi? Nivumilieni.

Mwanao,
Kemirembe

Dar es Salaam, 17 Mei 1999

Baba,

Shikamoo. Imekubali! Bosi mwenyewe kavuta gari la mwisho hadi juu, kafunga, kafungua, likawa pale pale. Likizo yangu inaanza tarehe 14 Juni. Mwambie katibu wa machela nakuja. Mama mwambie namletea kanga.

Mwanao,
Kemirembe

Kihanga, 1 Juni 1999

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imenikuta na watu wa msiba.

Jumatano asubuhi mama yako alizidiwa. Mtoto wa jirani yetu Kokubanza naye alizidiwa saa hiyo hiyo. Barabara imekatwa na mvua, gari halipiti, na kwenye orodha nyumba yao iko juu yetu. Machela ikamchukua yeye. Iliporudi jioni, mama yako alikuwa ametutoka. Tumemlaza kibanjani, kwenye migomba yetu, karibu na Anastazi.

Usimchukie mtu. Mtoto yule amepona, na kaburi wamechimba wao. Utaratibu tuliupitisha wote. Nami nilinyoosha mkono, nikijua ninaye binti wa kushika zamu.

Hongera kwa kumaliza kazi. Likizo ikifika, njoo. Sasa hakuna haraka.

Baba yako,
Rwezaura